Maswali ya nyumba: apatimenti yenye swimingi Moshi na Arusha, uangalie nini kabla hujatoa hela

Safari hii barua nyingi zimekuja na jambo moja, nyumba za kupanga zenye bwawa la kuogelea. Zamani ukisema swimingi watu walijua unaongelea hoteli, sasa hivi ukizunguka Shanty Town, Rau, Njiro au Sakina unakuta apatimenti sita au nane zimezungushiwa ukuta na katikati kuna maji ya bluu, na madalali ndo picha wanayoanza kukutumia. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ina watoto ndani yake.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi na mume wangu tupo Moshi, yeye anaendesha gari za watalii mimi niko hospitali, tuna watoto wawili wa miaka 4 na 7. Tunakaa Soweto nyumba nzuri tu ila mkataba unaisha na mwenye nyumba anaitaka nyumba yake. Dalali ametupeleka Shanty Town kuona apatimenti, vyumba viwili kimoja masta, jiko kubwa, na uwanjani kuna swimingi ambayo wapangaji wa apatimenti zote nane wanatumia pamoja. Watoto walivyoiona ndo basi tena hawataki kusikia nyumba nyingine, na baba yao kawa upande wao. Bei dola 350 kwa mwezi, miezi sita mbele, sevisi chaji elfu 80 kila mwezi, hela ya dalali mwezi mmoja. Mwenye nyumba yuko Dar hatujawahi kumuona, dalali ndo anasema kila kitu. Roho yangu inasita na sijui hata inasita kwa lipi. Naomba ushauri. – Mama wa wawili, Moshi

JIBU: Pole mama, kuhama na watoto wadogo ni kazi. Nianze na dola manake hiyo ni rahisi kuimaliza. Tangu mwishoni mwa Machi 2025 kuna kanuni za serikali zinazokataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa ndani, na kodi ya nyumba imo humohumo. Arusha hasa watu walizoea dola tangu enzi za ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda ambayo ilifunga kazi mwisho wa 2015, wageni walikuwa wengi na nyumba zikapangiwa bei kwa mishahara yao, mazoea yakabaki. Wewe mwambie dalali atoe bei ya shilingi, iandikwe shilingi kwenye mkataba na ibaki hiyohiyo miezi yote sita, dola ikipanda isiwe habari yako.

Sasa bwawa lenyewe. Swali la kwanza kwa bwawa lolote la kupanga ni nani analitunza, anakuja siku gani na analipwa na nani. Hayo matatu ukiyapatia majibu yanayoeleweka mengine yote yanafuata, na dalali akianza kukuzungusha hapo jua kwamba mtu hayupo. Dalali anakupeleka saa nne asubuhi siku aliyopanga yeye, majani yameshaopolewa, maji yanameta. Rudi wewe mwenyewe bila kumtaarifu mtu, jioni ya siku ya kazi, piga stori na mlinzi, msalimie mpangaji unayemkuta anaanua nguo umuulize swimingi inafanya kazi miezi mingapi kwa mwaka na mara ya mwisho pampu ilikufa lini na ilichukua muda gani kutengenezwa.

Ukiwa pale simama upande wenye kina kirefu uangalie chini, ule mfuniko wa tundu la kutolea maji lazima uuone vizuri kabisa, usipouona hayo maji hayafai kuogelea siku hiyo hata kama juu yanavutia. Mfuniko ukiwa umevunjika au haupo usiingize mtoto kabisa, pampu inavuta kwa nguvu na nywele ndefu za mtoto wa kike au hata mkono unaweza kunaswa chini. Pitisha kidole ukutani chini kidogo ya usawa wa maji, ukisikia utelezi ujue mwani umeanza. Na hii ya harufu niiseme kwa sababu watu wengi wanaichukulia vibaya, ile harufu kali ya dawa inayowasha macho tunadhani ndo usafi, kumbe inatokea klorini ikishakutana na jasho na mkojo wa waogeleaji, bwawa lililotunzwa vizuri halinuki sana. Muulize anayelihudumia anapima na nini. Vipimo vipo vya matone na vya vijikaratasi, klorini inatakiwa iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 7.2 na 7.8, akisema anapima kwa macho basi hapimi.

Halafu kaa chini na hiyo elfu 80. Apatimenti nane mara elfu 80 ni laki 6 na elfu 40 kwa mwezi. Pampu ya hosipawa moja inakula kama robo tatu ya yuniti kwa saa, ikizunguka masaa 8 kwa siku ni yuniti 6, kwa mwezi 180, na yuniti moja kwa mteja wa kawaida wa TANESCO ukijumlisha na makato inapita kidogo shilingi 350, kwa hiyo umeme wa pampu peke yake ni elfu 60 na kitu. Maji nayo, bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani mita moja na nusu linabeba lita 48,000, na lile jua la Moshi la Januari na Februari likishusha maji nusu sentimita tu kwa siku zimeondoka lita 160, zinajazwa upya na bili ya MUWSA inasoma. Ongeza dawa, mtu wa kusafisha, mlinzi, taa za nje, kuzoa taka. Ukipiga hesabu unaona laki sita inaweza kutosha ila itatosha kama kweli inaenda huko, kwa hiyo omba mchanganuo wa maandishi, usione aibu, ni hela yako. Na uliza pampu iko kwenye LUKU ya nani, yapo majengo ambayo pampu imeunganishwa kwenye mita ya mpangaji wa chini, mtu ananunua umeme kila wiki hajui unaenda wapi. Hapohapo kwenye LUKU kuna kodi ya majengo, tangu 2021 inakatwa mtu akinunua umeme, na hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, mkubaliane mapema kwamba atakurudishia au ataipunguza kwenye pango.

Sasa watoto, na hapa naomba baba yao asome pia. Nadhani roho yako inasita hapa. Mtoto wa miaka 4 akizama hapigi kelele. Sisi tunasubiri kusikia maji yanapigwa, mtu anaita msaada, mtoto mdogo haiko hivyo, anazama kimya, dakika chache tu zinatosha na mara nyingi mtu mzima yuko hapohapo anaongea na simu. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2024 lilikadiria watu laki 3 walikufa maji mwaka 2021 duniani kote, na karibu robo yao ni watoto chini ya miaka mitano, yaani umri wa huyo mdogo wako.

Hapo kwenye apatimenti nane hakuna mwokoaji, yule wa hoteli mwenye filimbi hayupo. Nyie wawili mko kazini, mumeo akipata wageni anaweza kuwa Serengeti wiki nzima, wewe una zamu za usiku, anayebaki na watoto ni dada wa kazi na kuna uwezekano mkubwa hajui kuogelea. Wengi wetu wa huku mlimani tumekua na mfongo, ule mfereji wa kumwagilia unaopita shambani, maji ya magotini, ukianguka unasimama, kwa hiyo hata watu wazima wengi Moshi nzima wakidumbukia kwenye mita mbili hawatoki. Muulize dada kwa upole kabla hujahamia, sio baada.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kuangalia ni fensi ya bwawa. Ukuta wa nje wa jengo hauhesabiki, huo unazuia wezi, mimi naongelea uzio unaozunguka bwawa lenyewe pande zote nne, urefu usiopungua mita 1.2, usiwe na vyuma vya kulala ambavyo mtoto anapanda, na kigeti chake kijifunge chenyewe ukikiachia, komeo liwe juu asikofika. Pima pia kutoka mlango wenu mpaka majini, kama mlango wa sebuleni unafungukia moja kwa moja kwenye bwawa na hakuna kitu katikati, mimi ningekuwa wewe nisingeichukua, hata wakipunguza kodi nusu. Nasema hivyo nikijua nyumba ngumu kupatikana na watoto watalia siku mbili. Kama fensi haipo lakini mengine yote mmeyapenda, waambie wajenge kwanza ndo mlipe, fundi wa kuchomelea anaimaliza kazi hiyo haraka, na wapangaji wenzenu wenye watoto watawaunga mkono. Ahadi ya tutaweka mkishahamia usiipokee.

Fensi ikiwepo bado kuna utaratibu wa nyumbani. Watoto wakiingia majini kuna mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia tu, simu ameiacha ndani, na kwa huyo wa miaka 4 awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Yale maboya ya kupuliza ya mikononi ni ya kuchezea, yanatoka, yanapasuka, usiyategemee. Wakimaliza kuogelea midoli yote itolewe majini, mtoto anarudi kuufuata mpira wake. Wote wanne mjifunze kuogelea, dada naye wa tano, na pale bwawani pawepo fito ndefu au boya la kurushia, mtu asiyejua kuogelea asijitupe kumfuata mwingine manake wanapotea wote wawili.

Na ikitokea, Mungu apishe mbali, mtoto katolewa majini hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala kubonyezwa tumbo kama wengi tulivyoona ikifanywa, mnapoteza muda na matapishi yanaingia kwenye mapafu. Wewe wa hospitali unajua, wafundishe waliobaki nyumbani: alazwe chali mahali pagumu, kichwa kirudishwe nyuma kidogo kidevu kiinuke, apuliziwe hewa kwanza, halafu kifua kikandamizwe, pumzi na kifua kwa zamu bila kuacha, huku mwingine anapiga 112 au 114 ya Zimamoto na mwingine anatafuta gari. Shanty Town mna bahati, hospitali ya KCMC sio mbali. Hata akizinduka mwenyewe apelekwe tu, maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kuleta shida masaa kadhaa baadaye.

Mambo ya mkataba nayapitia haraka. Mwenye nyumba wa Dar muongee naye kwa simu ya video, jina lake lilingane na hati ya nyumba, ofisi ya serikali ya mtaa mara nyingi wanajua nyumba ya nani, waulizeni. Pango liingie kwenye akaunti yenye jina la mwenye nyumba, dalali apewe cha kwake tu tena baada ya kukabidhiwa funguo. Ombeni miezi mitatu kwanza badala ya sita, mkikubaliwa mmeshinda, mkikataliwa basi bwawa liandikwe ndani ya mkataba: nani analitunza, likiharibika litengenezwe ndani ya siku ngapi, na likifungwa zaidi ya hapo pango au sevisi chaji inapungua kiasi gani. Bila hiyo sentensi mtalipia swimingi ambayo mnaitazama tu dirishani. Na kama mkiiacha hiyo nyumba, hoteli kadhaa hapo mjini mnaingia kuogelea kwa kiingilio, Jumamosi mnawapeleka, wanaogelea mpaka wanachoka mnarudi nyumbani kwenye fensi yenu isiyo na shimo la maji.

SWALI: Mambo vipi. Niko Njiro, nimelipa mwaka mzima, bwawa lilikuwa safi nilivyoingia Novemba, sasa mvua za masika zimeanza limekuwa kijani kama mchicha, mbu usiku hatulali. Mwenye nyumba anasema tusubiri mvua ziishe. Jirani anataka tununue dawa tumwage wenyewe. Tunaruhusiwa kugoma kulipa sevisi chaji? – Mpangaji, Arusha

JIBU: Kijani ni mwani, na mwani unaota klorini ikiisha. Mvua za masika zinaongeza maji yasiyo na dawa, zinaleta majani na udongo, umeme ukikatika pampu inasimama na maji yaliyotulia yanawahi kuharibika. Kwa hiyo masika ndo kipindi ambacho bwawa linahitaji mtu zaidi, kusubiri ziishe mpaka mwishoni mwa Mei ni kuwaachia mazalia ya mbu mlangoni, manake yai la mbu linafika kuwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja mpaka mbili, pigeni hesabu ni vizazi vingapi. Msiogelee humo kabisa, na sio kwa sababu ya uchafu tu, maji yasiyoonyesha chini mtu akizama hamtamuona.

Dawa msimwage wenyewe. Klorini ya bwawa ina nguvu, ikichanganyika na asidi ya kurekebisha pH au hata na dawa nyingine za usafi inatoa hewa ya sumu, watu wanaumia kwenye vistoo vya pampu. Fundi anayejua anapiga dozi kubwa jioni, anasugua kuta, anazungusha pampu usiku na mchana, anasafisha chujio mara kwa mara, siku chache maji yanarudi. Kama mwenye nyumba hataki gharama hiyo sasa hivi basi alitoe maji yote likae kavu na lizungushiwe kitu watu wasitumbukie, sio liachwe nusu.

Kuhusu kugoma, msianze na hapo, mkigoma yeye ndo anapata sababu ya kuwasema nyie. Pigeni picha zenye tarehe, mwandike barua moja mkisaini wapangaji wote, mkimpa siku za kutengeneza, nakala mbaki nayo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta za nje na sehemu na vifaa vya matumizi ya pamoja, na bwawa la pamoja ni kitu cha pamoja. Akinyamaza pelekeni barua ofisi ya mtaa na kwa afisa afya wa kata, mazalia ya mbu kwenye makazi ya watu ni jambo analotakiwa kulifuatilia na mara nyingi akifika yeye fundi anaonekana siku hiyohiyo. Ikishindikana kabisa baraza la kata linasuluhisha, na juu yake kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

SWALI: Dada nahamia Arusha kikazi kutokea Tanga. Nimepata nyumba mbili Ilboru zinafanana, moja ina swimingi imezidi laki mbili kwa mwezi. Napenda sana kuogelea, nichukue? – Wa Tanga

JIBU: Ulizia kwanza kama maji yanapashwa moto. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Ilboru unapanda kuelekea Meru, Juni mpaka Agosti ni makoti, maji ya bwawa lisilopashwa yanakuwa ya baridi kiasi kwamba mtu wa Tanga utaingiza mguu ukautoa. Kama hayapashwi, utaogelea Septemba mpaka Machi hivi, masika ikifika ni mvua na ubaridi. Laki mbili mara miezi 12 ni milioni 2 na laki 4, igawanye kwa miezi utakayoogelea kweli uone kama bado unaipenda. Ungekuwa unahamia Moshi ningekujibu tofauti, kule chini kuna joto.

SWALI: Shikamoo. Nina kiwanja Kiboriloni nimejenga apatimenti nne. Watoto wangu wananiambia nichimbe swimingi kwa sababu AFCON ya 2027 inakuja na Arusha kuna uwanja mpya, wageni watajaa. Nina akiba kidogo ya kiinua mgongo. Nichimbe? – Mstaafu, Moshi

JIBU: Marahaba mzee wangu, hongera kwa nyumba. AFCON inachezwa wiki chache halafu wageni wanaondoka, bwawa linabaki linadai pampu, dawa na mtu kila mwezi. Kwa apatimenti nne, zile gharama nilizompigia hesabu mama wa Shanty Town ziko palepale, pampu haijui wapangaji wako wangapi, ila sasa zinagawanywa kwa nne badala ya nane, na mpangaji wa kawaida wa Kiboriloni akiongezewa sevisi chaji kubwa atahama. Hela ya kiinua mgongo mimi nisingeiweka hapo. Weka tenki kubwa la maji, sola ya kupashia maji ya kuoga, parking iliyowekwa pavingi, wapangaji wa Moshi wanauliza hivyo kabla ya swimingi na watakaa miaka.

Kama bado unataka kuchimba, anza na maji. Ukitegemea maji ya bomba, siku za mgao wapangaji wako watakosa maji ya kuoga na bwawa limejaa, hawatakuelewa. Ukitaka kisima, usimuite mchimbaji kwanza, nenda ofisi za Bodi ya Maji Bonde la Pangani hapohapo Moshi ukaulize kibali cha kuchimba na kibali cha kutumia maji, ni takwa la Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Manispaa nao uwapelekee mchoro wa bwawa waukague, mwambie mchoraji aweke fensi na kigeti tangu mwanzo, na uliza maji machafu ya kusafishia chujio yatatokea wapi, yasiingie kwenye migomba ya jirani.